Vipimajoto vya juu na vya chini: kwa mnaoanza kazi kituoni

Wenzangu mnaoanza kazi ya hali ya hewa hapa Mombasa, ndani ya kasha la Stevenson, lile sanduku jeupe lipitishalo hewa na kukinga vipimajoto na jua, mtakuta vipimajoto viwili vimelazwa. Vinafanana kwa mbali, lakini kila kimoja kina namna yake ya kusomwa.

Cha juu, yaani kinachoshika joto la juu kabisa la siku, kina zebaki, na karibu na balbu njia yake imebanwa. Joto likipanda, zebaki husukumwa ikapenya; likishuka, uzi hukatika pale penye kibano na zebaki iliyokwisha kupita hairudi. Ndiyo maana jioni, upepo wa bahari umeshapoza mji, bado unaliona joto la adhuhuri.

Cha chini, kinachoshika joto la chini kabisa, ndicho kinachowasumbua wengi. Kina spiriti, na ndani ya spiriti kuna kijiti chembamba cheusi. Kukipoa, uso wa spiriti hukivuta kijiti kuelekea balbu. Joto likirudi, spiriti hukipita na kukiacha hapo hapo. Soma ncha iliyo mbali na balbu. Wanagenzi husoma ncha ya pili, au husoma spiriti yenyewe, ambayo ni joto la sasa tu. Kwetu pwani kosa la nyuzi mbili ni kubwa sana, maana joto la Kaskazi na la Kusi lenyewe hupishana kwa nyuzi chache.

Ukishaandika, virejeshe. Cha juu kishike kwa nguvu, balbu ikiwa nje, ukitikise kwa kuupeleka mkono chini, mbali na ukuta na kasha; ukikirudisha, tanguliza balbu. Cha chini kiinamishe balbu ikiwa juu, kijiti kiteleze hadi kwenye uso wa spiriti. Kisha linganisha: vyote viwili vikaribiane na kipimajoto kikavu, kile cha kawaida kinachoonyesha joto la hewa la sasa. Usiporejesha, kesho utaandika joto la jana, na hakuna atakayegundua.

Milango nayo: hapa karibu na ikweta jua hukaa kaskazini miezi mingine na kusini mingine, kwa hiyo kasha linafaa kuwa na milango pande zote mbili. Fungua ule wa kivulini, soma upesi, usipumulie vioo.

Na kila asubuhi tazama ncha ya juu ya kile cha spiriti. Ukiona matone yamenasa huko, kinasoma chini ya ukweli. Andika kasoro hiyo daftarini na umwarifu mkubwa wako kabla ya kutuma takwimu.