Amana yangu ya nyumba ilitoka mlango wa tatu

Nilipohama ile nyumba Nairobi mwaka 2023 sikuwa na deni hata la maji. Notisi ya mwezi mmoja niliitoa kwa maandishi, funguo nikamkabidhi keateka mkononi. Mwenye nyumba alibaki na shilingi 18,000 zangu za amana. Wiki ya kwanza aliniandikia, "Nitakutumia Ijumaa." Wiki ya tatu pesa zikawa zimeishia kwenye rangi. Ya tano akaacha kushika simu.

Nilianzia kwa chifu. Akamwita mara mbili, mzee hakutokea, na chifu hana uwezo wa kumlazimisha mtu alipe deni. Nikaenda Baraza la Kodi za Nyumba. Foleni asubuhi nzima, kisha karani akaniuliza swali moja tu: kodi yako ilikuwa ngapi? Nikasema 18,000. Akatabasamu. Sheria ya baraza hilo, Sura 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. (Chumba cha bei hiyo Nairobi ya leo ukikipata, uliza kwanza choo kiko wapi.) Wenye maduka wana baraza lao la majengo ya biashara.

Karani ndiye aliyenielekeza Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza Milimani Aprili 2021, na sasa iko katika miji mingine pia. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Wakili si lazima.

Lakini angalia unachoandika. Mahakama hii haigusi ugomvi wa nani ana haki ya kukaa kwenye nyumba au kumiliki ardhi. Inashughulika na mambo kama pesa zako zilizo mikononi mwa mtu mwingine, au mali yako iliyoharibiwa. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne: maji yaliyokatika, mbwa wa mwenye nyumba, keateka anayechungulia dirishani. Niliyowasilisha ilikuwa nusu ukurasa: nilimpa kiasi hiki, tarehe hii, kwa ajili hii, na hajarudisha. Hata hivyo mwenye nyumba alijaribu kusema hii ni kesi ya nyumba, si ya pesa. Nusu ukurasa ule ulinisaidia. Kama amekupigia kufuli mlangoni na unataka kurudi ndani, usipoteze siku hapa. Tafuta mahakama ya hakimu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi, na uende leo.

Kabla ya kufungua kesi nilimpelekea barua ya madai, nikampa siku 14. Hakujibu. Nikabeba ujumbe wa M-Pesa wa siku niliyolipa amana, nakala ya notisi, mkataba, na ile WhatsApp ya "Nitakutumia Ijumaa". Hiyo ndiyo iliyommaliza, maana huwezi kuahidi kutuma Ijumaa pesa unazodai huwiwi.

Naye alikuja na madai yake: kuta zimechafuliwa, bomba la jikoni limevunjwa. Nilikuwa na picha za kuta za siku nilipohamia. Za siku ya kuhama sikupiga, nilikuwa nakimbizana na mwenye pikapu. Kwa rangi mwamuzi alimtaka alete risiti, hakuwa nayo. Kwa bomba alikuwa nayo, na kusema kweli bomba nililivunja mimi. Nikakatwa 3,200, nikaamuriwa kulipwa 14,800.

Nilidhani yameisha. Mwezi ukapita, kimya. Hukumu ukiiweka kabatini haikulipi. Ilibidi nirudi kuomba itekelezwe, yaani dalali wa mahakama aruhusiwe kukamata mali yake. Karatasi hiyo ilipomfikia, M-Pesa ililia jioni ileile, 10,000 kwanza, na 4,800 kesho yake kabla ya chai.