Nyinyi wa zamu ya alfajiri, hesabuni kwanza

Jumanne alfajiri nilimwona kijana wetu mpya akitia sahihi manifesti, ile orodha ya mizigo, ya lori la Nairobi, lori lenyewe ameligeuzia mgongo. Dereva anapiga honi, anataka kufika Busia kabla jua halijachachamaa. Meneja naye yuko pale, simu sikioni, anatuonyesha saa ya mkononi. Kijana akaandika "zote zimepokelewa", akachora sahihi ndefu yenye mkia kama ya gavana, akarudisha kalamu. Hakuwa amehesabu hata gunia moja.

Nilitaka kumfinya sikio. Halafu nikaikumbuka sahihi yangu ya mwaka 2016, nikanyamaza, nikaenda kutafuta chai. Chai yenyewe siku hizi hakuna, nitafika huko.

Basi haya ni yenu, makarani na marida wa pikipiki mlioingia mwezi huu kwenye kampuni yetu ya kusafirisha mizigo hapa Kisumu.

1. Hesabu, ndipo utie sahihi. Dereva akipiga honi, mwache apige, honi haikatwi kwenye mshahara wako. Linganisha namba ya sili ya mlango wa lori na iliyoandikwa kwenye manifesti kabla hujaikata, maana ukishaikata huna ushahidi.

2. Jina la mahali lisome mpaka mwisho. KSM ni Kisumu, KSI ni Kisii, na mtu anayeandika kwa kalamu nene kule Nairobi usiku wa manane, macho yanafumba, haoni tofauti ya M na I. Mbale iko Vihiga na nyingine iko Uganda. Luanda iko kwenye barabara ya Busia, halafu kuna Luanda K'Otieno kule ufukweni Siaya, unakopandia feri ya Mbita, na petroli ya kumtoa rida huku kumpeleka kule hakuna anayeilipa. Ile ya Angola ndiyo pekee ambayo hatujaitumia mzigo, ingawa kwa zamu nyingine nilizoziona sitaapa. Mpigie mpokeaji: "Mama, ni Luanda gani?" Haimalizi hata dakika.

3. Usiskani uongo. Najua ule ubao wa asilimia ya mizigo iliyofikishwa unawatisha, na najua kwa nini ikigonga saa kumi na moja jioni wateja wote wa Manyatta wanakuwa "hawapatikani" kwa mpigo. Mzee mmoja wa Ahero alikaa kwenye benchi letu tangu adhuhuri. Karani akafungua kompyuta, akamsomea kwamba mteja alitafutwa mara mbili, hakupatikana. Mzee akajigusa kifua, akatazama huku na huku. "Na huyu ni nani?" akauliza. Tulicheka wiki nzima. Mzee hakucheka, na mizigo ya duka lake ilihamia kwa matatu.

4. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Hapa mtanivumilia, nitakaa kidogo.

Ilikuwa wiki ya kuamkia Krismasi. Desemba ya huku mnaijua: nusu ya Nairobi inatuma mzigo kisha inaufuata kwa basi. Televisheni zimeviringishwa kwenye blanketi, magodoro, katoni za mafuta ya kupikia, masanduku yaliyoandikwa "ya nyanya, yasifunguliwe". Nilikuwa na miezi mitatu tangu nipewe koti la msimamizi wa zamu, na koti lile nililipenda kupita kiasi. Lori lililotarajiwa saa nane usiku lilikwama Salgaa, likafika saa kumi. Manifesti ilisema vipande 212. Nilihesabu mpaka kama sitini hivi, simu ya meneja ikaita, nikatoka nje kuipokea ili nisikike vizuri. Niliporudi vijana walikuwa wameshashusha na kuchanganya kila kitu. Nikasaini 212.

Kilichokosekana ni sanduku moja: beringi na nyundo za kinu cha posho, mali ya mama mmoja wa Luanda, ile ya barabara ya Busia. Kinu kusimama Desemba si mchezo. Nyumba zimejaa wageni, mahindi yapo, unga hakuna. Alikuja yeye mwenyewe mara nne. Hakupiga kelele hata siku moja, alikaa tu akinitazama, kitenge chake kina vumbi la unga kwenye pindo.

Sasa, meneja wetu wa wakati ule alitoka kwenye mauzo, gunia alilijua kwa picha. Alikuwa amebandika memo juu ya birika la chai: kila kitakachopotea kitalipwa na mtu aliyekuwa nacho mara ya mwisho. Tangu siku ile, katika ofisi nzima, hapakuwa tena na mtu aliyewahi kuwa na kitu mara ya mwisho.

Nilipoulizwa, jibu la kweli lilikuwa neno moja: sikuhesabu. Badala yake niliandika maelezo ya kurasa mbili, na katikati yake nikaandika kwamba sanduku "huenda" lilipakiwa kwa rida wa njia ya Maseno. Hilo "huenda" ndilo nililojifichia. Nilijiambia sijamsingizia mtu. Lakini meneja hakusoma "huenda", alisoma jina.

Rida mwenyewe alikuwa kijana wa Nyalenda, anayefunga mizigo huku akiimba, ananiita "mkubwa" bila kejeli. Mshahara wake ulikuwa shilingi 15,000. Sanduku likathaminiwa 18,500, wakaanza kumkata elfu tano kila mwezi. Aliniuliza mara moja tu, "Mkubwa, si wewe ulipokea lori?" Nikamwambia mambo yameshafika juu, siwezi kuyagusa. Mwezi wa pili ulipoisha hakurudi. Koti la mvua la kampuni alikuwa ameliacha kaunta, amelikausha na kulikunja. Angelitupa sakafuni ningelala vizuri zaidi.

Machi nikapigiwa simu na karani wa Kisii, kwa namba yake binafsi, anaongea kama mtu aliye msibani. Ana sanduku zito nyuma ya rafu, limeandikwa KSI, lakini simu ya mpokeaji haikuwa imeandikwa vizuri, tarakimu moja imefutika, na chini kabisa kuna neno "Luanda". Amekuwa nalo tangu Desemba. Nikamuuliza kwa nini amenyamaza miezi mitatu. Akaniambia kwao mzigo wa ziada nao unaandikiwa barua ya kujieleza, kama wa kupungua. Mwenzake mmoja aliripoti, akapewa onyo. Kwa hiyo Kisii walikuwa wamekalia sanduku kwa woga, sisi Kisumu tumekalia sahihi yangu kwa woga, na katikati kuna kijana aliyekatwa shilingi elfu kumi.

Nilikwenda kwa meneja. Alisikiliza, akasema, "Mzigo si umepatikana? Funga faili." Nami nikafunga. Ningeweza kumlipa kijana kutoka mfukoni mwangu mwezi ule ule, nilikuwa nazo. Ilinichukua miaka miwili, na hata hapo nilimkuta kwa bahati, Kondele, yuko kwenye boda yake. Nikapanda. Njia nzima hadi Mamboleo nilimweleza yote, mdomo karibu na kofia yake, na kwa ule upepo sijui alisikia kiasi gani. Tulipofika akasema, "Mia moja, mkubwa." Nauli ilikuwa hamsini. Nikatoa mia. Jioni nikamtumia elfu kumi kwa M-Pesa. Zilifika. Hakunijibu mpaka leo.

5. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 isome angalau vifungu vitatu. Cha 19 kinaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kama mfanyakazi amesababisha kwa kusudi, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Cha 28 kinakupa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Cha 41 kinasema kabla ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu ni lazima usikilizwe, na una haki ya kuwa na mwenzako chumbani. Barua ya kukubali kukatwa usiisaini ukiwa umesimama kaunta. Ningekuwa navijua hivi mwaka ule... basi, nisijidanganye, koti lilikuwa tamu.

6. Chai. Mnaniuliza kwa nini wakongwe wamenuna. Watu wa makao makuu wanadhani ni mshahara. Ilianza na sukari. Iliondolewa sukari, tukaja nayo kwenye karatasi. Yakaondolewa maziwa. Kisha birika lenyewe likapelekwa ofisi ya meneja "kwa usalama". Halafu makoti ya mvua hayakununuliwa mapya, na mvua ya jioni ya huku mnaijua inavyotoka ziwani. Halafu marida wakatolewa kwenye mshahara wakawekwa kwa malipo ya kila mzigo. Waliotangulia kuondoka ni wale wanaojua Luanda zote mbili. Wakaletwa wapya wa bei nafuu bila mtu wa kuwafundisha, malalamiko yakaongezeka, na malalamiko yakaleta memo nyingine. Sasa tunaitwa kila Jumamosi kufundishwa umoja, bila chai. Mwakani mmoja wenu atapewa koti. Anunue sukari kilo mbili kwa pesa yake kabla hajaitisha mkutano wowote.

7. Memo ya meneja usiikejeli kwenye kundi la WhatsApp. Kuna mtu anapiga picha, na ni yule anayecheka zaidi.

8. Kalamu ya kaunta haiandiki. Njoo na yako.

Na wewe kijana wa Jumanne: lori lilipoondoka nilishuka nikahesabu yale magunia mwenyewe, mara mbili. Yalitimia. Ndiyo maana nina wasiwasi na wewe.