Barua kwa mwanangu: kwa nini tawi la chama lina viti vitupu

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini watu wa kawaida hawaonekani kwenye vikao vya tawi, na kwa nini wewe mwenyewe ulihudhuria kikao kizima ukatoka hujui kilichoamuliwa. Unahofu kwamba watu hawajali. Mimi naona wanajali, ila wanakwama kwenye mambo madogo ambayo wenyeji wa chama wameyazoea kiasi cha kutoyaona.

Kwanza, hawaitwi. Mwaka 1995 watafiti watatu wa Marekani, Sidney Verba, Kay Schlozman na Henry Brady, waliandika kwamba watu hukaa nje ya siasa kwa sababu hawawezi, hawataki, au hakuna aliyewaomba. Hiyo ya tatu ndiyo rahisi kuitibu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Tangazo la kikao hubandikwa kwenye mlango wa ofisi ambako asiye kiongozi hapiti, basi. Mtu akialikwa kwa jina lake, na mtu anayemfahamu, huja.

Anayekuja hukutana na daftari la wanachama. Vyama vingi vinataka uwe umekaa muda fulani kwenye uanachama kabla hujapiga kura ya ndani, kwa hiyo anayejiunga uchaguzi ukiwa umekaribia anakuta dirisha limeshafungwa. Mwingine hulipa ada mkononi bila stakabadhi, na siku ya kura jina halimo. Wewe ukilipa, dai stakabadhi palepale. Kisha rudi baada ya wiki mbili umwombe katibu akuonyeshe mstari wako daftarini: majina yote, namba ya kadi, tarehe ya kujiunga. Jina likikosewa herufi moja, linaweza kukutoa ukumbini, na siku hiyo hakuna atakayekuwa na muda wa kulisahihisha.

Kuhusu kikao chenyewe, elewa mpangilio wake: kufungua, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo (mambo yanayotokana na muhtasari huo), taarifa, hoja, mengineyo (yasiyo kwenye ajenda). Mgeni hungoja mengineyo ndipo aseme lake. Hapo watu wameshachoka, wengine wamesimama, na kwa kawaida jambo lililoibuliwa pale halipigiwi kura. Hoja ipelekwe kwa katibu mapema, kwa maandishi, ikiwa na jina la mtoa hoja na la anayeiunga mkono. Iwe fupi: “Tawi liazimie kwamba kila kikao kitangazwe siku 14 kabla, pamoja na ajenda yake.” Hoja ya namna hiyo ni ngumu kuipinga hadharani, na ikipita inawafungulia mlango wengine.

Utasikia kwamba kila kitu hupangwa pembeni. Mara nyingi ni kweli, lakini si lazima iwe njama. Robert Michels alieleza hilo mwaka 1911, akikitazama hasa chama cha wasoshalisti wa Ujerumani: hata chama kinachohubiri usawa huangukia mikononi mwa wachache, kwa sababu wao ndio wenye taarifa, uzoefu na ujuzi wa utaratibu. Anayeandaa ajenda ndiye anayechagua kitakachojadiliwa.

Lakini wachache hao wanategemea mahudhurio hafifu. Tuseme akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ni watu 20, wakaja 21: kura 11 zinaamua. Wanachama wapya sita wakija pamoja, wenye sifa za kupiga kura, hesabu inabadilika. Nenda na wenzako, usiende peke yako. Angalia pia katiba inasemaje kikao kikiahirishwa kwa kukosa akidi, maana katiba nyingine huruhusu kikao kinachofuata kiendelee na yeyote aliyekuja.

Kuna wanaozuiwa na maisha: mwenye zamu ya usiku, mama asiye na wa kumwachia mtoto, asiye na nauli. Ombeni muda wa kuanza na wa kumaliza uandikwe kwenye tangazo, na uheshimiwe. Kikao kisicho na mwisho huwabakiza wasio na majukumu nyumbani, na hao ndio huishia kuwaamulia wengine. Mtumishi wa umma naye asome masharti ya ajira yake kabla ya kuchukua cheo, maana nchi nyingi huwawekea mipaka.

Wiki hii mwombe katibu nakala ya katiba ya chama, kanuni za uchaguzi wa ndani na mihtasari ya vikao vitatu vilivyopita. Soma vifungu vya uanachama, akidi na tangazo la kikao. Ukiambiwa nakala hazipo, andika barua kwa ngazi ya juu na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na nafasi zikitangazwa, usikimbilie uenyekiti. Omba kuwa katibu msaidizi, uandike mihtasari: utajua nani aliahidi nini, na lini.

Mama yako