Umempigia Simu Huyo wa Upande wa Pili?

Juzi usiku kijana mmoja kanitumia meseji, ana miezi michache tu kwenye dawati la siasa. Anasema, "Kaka, niko kwenye msafara wa mgombea, nasafiri na gari lao, nalala wanapolipa wao, mhariri anajua na hana shida. Sasa nikiona kitu kibaya naandikaje?" Nimeisoma mara tatu, roho ikaniuma, maana hilo swali na mimi nilitakiwa kulia nalo na sikumuuliza mtu.

Mimi nilikaa wiki tatu kwenye msafara wa mgombea wetu. Unaona? Mpaka leo namuita wetu. Siku moja mpigapicha kaonyeshwa pa kusimama na watu wa kampeni, akasimama hapohapo, picha ikatoka watu wamebanana hadi jukwaani. Nyuma uwanja ulikuwa mtupu na mimi niliuona kwa macho yangu, ila nikaandika "maelfu wafurika" kwa sababu ndicho kila mtu kwenye gari alichokuwa anasema na jioni ile nilikuwa na furaha nao. Mpinzani wake siku hiyohiyo alitoa takwimu za maji zilizokuwa sahihi kabisa, nikaandika "adai". Wetu "alisema", "alifafanua", "aliahidi". Yule mwingine "adai". Nilijiambia sijaandika uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililokuwa linanilaza usingizi.

Kampeni inakaribia kuisha, msemaji wa yule mpinzani akanipigia. Hakugomba. Alisema, "Wiki tatu hujanipigia hata mara moja, na namba yangu unayo." Nikabisha sana, nikamwambia mimi naandika ninachokiona. Usiku nikatoa stori zangu zote 14 nikazisoma kwa mpigo. Upande wake ulikuwa umesikika kwenye 2. Kesho yake nikaenda kwa mhariri kuomba tuweke marekebisho, akakataa, na baada ya uchaguzi nikahamishiwa michezo bila maelezo. Hilo sijalisahau na sitajifanya nimelisahau.

Watu wanadhani upendeleo ni bahasha. Bahasha ipo na ni haramu, usiiguse, ila mbaya zaidi ni kile unachotamani kiwe kweli, maana hicho hukikagui. Mwaka 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune liliandika ukurasa wa kwanza kwamba Dewey amemshinda Truman kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani. Kulikuwa na mgomo wa wachapaji, ikabidi gazeti liende mitamboni mapema, ni kweli, lakini pia lilikuwa gazeti lisilompenda Truman, na jambo unalolipenda halikai muda mrefu mbele ya macho yako kabla hujaliamini. Truman akashinda, akapigwa picha amelinyanyua gazeti lenyewe anacheka. Tarehe 26 Mei 2004 New York Times waliwaandikia wasomaji wao kwamba habari zao kadhaa kuhusu silaha za Iraki hazikuhojiwa inavyotakiwa, wakakiri walitegemea Wairaki waliokuwa uhamishoni wakitaka serikali ya Saddam Hussein ing'olewe. Waliweka ndani, ukurasa wa 10, lakini waliweka. Mimi nilinyimwa hata mistari minne.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wewe unayesoma unayetaka kufika mbali kwenye kazi hii, piga simu. Kabla hujatuma stori, mpigie wa upande wa pili, na asipopokea mpigie tena, andika saa uliyompigia. Kama ofisi haina hela ya usafiri na umepanda gari lao, msomaji aambiwe ndani ya stori kwamba umepanda gari lao. Angalia vitenzi vyako, kama huyu "anasema" basi na huyu "anasema", "adai" ibaki kwa jambo ambalo kweli halijathibitishwa, hata likitoka kwa unayempenda. Geuka nyuma uone uwanja. Halafu piga simu tena. Azimio la waandishi lililopitishwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1954 linaweka jukumu la kwanza kuwa kuheshimu ukweli na haki ya umma kuujua, na umma ni pamoja na wale waliokaa kwenye mkutano ambao wewe hukuenda, nao wanapiga kura, nao walisoma maneno yako wakajiona hawapo.

Haya yote nilimwandikia usiku uleule, meseji ndefu mno. Asubuhi kanijibu kwamba namba ya msemaji wa upande wa pili ameipata na saa nne anampigia.