Jibu: Nani huigharimia Posta ya Marekani?
Ndugu, uliuliza kama Posta ya Marekani huendeshwa kwa kodi, na kama sivyo, kwa nini Bunge bado huipangia wajibu. Kwa sehemu kubwa haiendeshwi kwa kodi: sheria ya 1970 iliiondoa katika hadhi ya wizara na kuitaka ijitegemee kwa mapato ya stempu na vifurushi, huku ruzuku ndogo ikibaki kwa mambo kama barua za wasioona, ambazo husafirishwa bure. Hata hivyo, ni lazima ihudumie nchi nzima, hata vijiji visivyo na faida yoyote. Mzigo usio wa haki, kwa maoni yangu, uliletwa na sheria ya 2006 iliyoilazimisha kutenga takriban dola bilioni 5.5 kwa mwaka kwa ajili ya matibabu ya wastaafu wa baadaye. Sharti hilo lilifutwa 2022, na sheria hiyohiyo ikathibitisha kwamba barua zitafikishwa siku 6 kwa wiki.