Jivu jeupe na lawama za mgeni

SWALI: Shikamoo Mzee. Nahudumu baa ya hoteli huku Nungwi. Wageni wavuta siga, zile nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa, hubishana kila jioni: jivu likiwa jeupe eti siga ni ya daraja la juu, likiwa jeusi ni takataka. Juzi mmoja alinirudishia siga kwa sababu jivu lilikuwa la kijivu. Ana haki?
Mhudumu, Nungwi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alikuonea, ingawa na wewe nina swali la kukuuliza.

Siga sijawahi kuvuta, lakini nilikuwa bwana shamba wa tumbaku Urambo kwa miaka 26, na tumbaku ni tumbaku. Jivu ni udongo uliopanda kwenye jani. Mmea hunyonya kalsiamu, potasiamu na magnesiamu. Moto ukishakula vinavyoungua, chumvi hizo hubaki, nazo zenyewe ni nyeupe. Weusi unaouona ni kaboni ambayo haikuungua ikaisha.

Hapo magnesiamu ndiyo yenye neno kubwa. Jani likiwa nayo ya kutosha, jivu hutoka jeupe. Ikipungua, jivu hukolea kijivu. Ikizidi mno, jivu huwa jeupe pe lakini halishikani, linampukutikia mvutaji kwenye shati. Urambo tuna mashamba ya kichanga, na mvua ikipiga wiki mbili mfululizo huosha magnesiamu ikashuka chini. Utaona majani ya chini yamepauka, mishipa tu ndiyo ya kijani. Tulikuwa tunamwaga chokaa ya dolomaiti, yenye magnesiamu ndani yake, na wakulima wananinung'unikia gharama.

Sasa Vuelta Abajo, eneo la mashamba ya tumbaku kule Pinar del Río nchini Kuba, nako ardhi ni ya kichanga. Siga za huko hutoa jivu la kijivu, na sijasikia mtu akiziita takataka. Tena siga moja ina majani ya ndani, jani la kufungia na jani la nje, pengine kila moja limetoka shamba lake. Jivu lenye mabaka lisikushangaze.

Klorini nayo huharibu uunguaji. Ndiyo maana potasiamu ya mbolea ya tumbaku hutafutwa kwenye salfeti, si kloraidi, ambayo ina klorini.

Swali langu ni hili: siga zenu mnaziweka wapi? Zikikaa kwenye rafu wazi karibu na bahari, zinafyonza unyevu, zinaungua kwa shida na jivu linatoka jeusi. Hilo si kosa la mkulima wa Kuba.

Mgeni akirudi na ubishi wake, chukua jivu lake kidogo, liweke kwenye kijiko cha chuma, kishike kwa koleo juu ya moto wa gesi hadi kiive chekundu. Jivu likigeuka jeupe, weusi ulikuwa kaboni tu. Kijiko usikirudishe kwenye sukari.