Soko la plastiki za hospitali lipo, ila si kwenye zabuni pekee

Msomaji mmoja wa Kakamega ameniandikia: "Dada, hii biashara ya plastiki za hospitali iko na soko kweli, ama ni maneno tu?" Namjibu hadharani kwa sababu najua wengi mna hamu hiyo hiyo.

Soko lipo. Wiki hii kliniki ya meno hapa Kisumu imeniongezea oda ya pochi za kuchemshia vifaa, yaani za kuulia vijidudu kwa mvuke wa moto, zile zenye karatasi upande mmoja na plastiki angavu upande wa pili. Nesi wao ndiye aliyenitafuta mara ya kwanza, akanionyesha trei: pochi ya bei rahisi ya muuzaji mwingine ilikuwa imeyeyuka ndani ya mashine na kung'ang'ania koleo la kung'olea meno. Polithini nyepesi huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, na mashine ya mvuke hufika 121 au 134. Nikatoa yangu ya poliesta na polipropilini, tukaichemsha pale pale. Alama ya pembeni, inayoonyesha kuwa mvuke umeifikia, ikabadilika rangi, pochi ikafunguka vizuri, karatasi haikuchanika. Bei hatukuijadili sana baada ya hapo. Najivunia siku ile.

Zabuni kubwa ni hadithi nyingine. Kuna hospitali niliyoipelekea mifuko ya taka, myekundu na ya manjano, kwa mkopo wa sacco. Mzigo ukapokelewa, stakabadhi ikapigwa muhuri, kisha kila nikienda naambiwa mhasibu yuko mkutanoni. Hela zilipotoka, riba ilikuwa imekula faida yote. Bado inaniuma.

Kwa hivyo anza na wanaolipa mkononi: kliniki za meno, za uzazi, maabara za watu binafsi. Ukifika, uliza kwanza mashine yao inafika nyuzi ngapi, kisha chemsha sampuli mbele yao. Chemsha, narudia. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 hapa Kenya isikutishe. Ililenga mifuko ya kubebea na ya kufungashia bidhaa madukani na nyumbani, na mifuko ya taka za hospitali iliruhusiwa kwa idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Cha kuogopa ni dola, maana malighafi inatoka nje. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kabla ya mwaka kwisha ikawa karibu 130. Aliyejifunga kwa bei ya mwaka mzima, kwa vyovyote vile, alikuwa anacheza kamari.

Na jamani, tuache tamaa. Kifaa kinachotoka kwenye pochi yako kinaingia kinywani mwa mtoto wa mtu. Muuzaji wa jumla akikosa kukuonyesha karatasi za ISO 11607, kiwango cha kimataifa cha vifungashio vya vifaa vya tiba vinavyouliwa vijidudu, ondoka dukani kwake, hata akikupunguzia nusu ya bei. Atakayekuuzia kwa uaminifu hatakasirika ukiziomba.